Mukanda Si Mkanda

Katika fomu ya mahojiano ya wakimbizi tunayoitumia, swali la saba lina maneno manne yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja: "Je, una hati, cheti, karatasi au mukanda wowote unaohusu maelezo yako?" Kila mkalimani mpya akilifikia hukwama. Mmoja alilisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaifuta ile *u* ya mukanda, kisha akaja kuniuliza kwa heshima zote mshipi wa kiunoni unahusiana nini na maelezo ya mkimbizi. Nilimwambia airudishe *u* mahali pake, na kwamba nitamweleza siku nikipata nafasi. Mwezi uliopita nilistaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya ukalimani na tafsiri hapa Kampala, kwa hiyo nafasi ninayo. Nawaandikia nyote mnaobaki. Mtanivumilia nikifika mahali nilipokosea, maana nilikosea vibaya.

Mimi ni Zaituni Farajala, Mnubi wa Kibuli. Wazee wetu waliletwa nchi hii wakiwa askari, na hata baba yangu alikuwa dereva wa lori la jeshi. Nyumbani tuliongea Kinubi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, na Kampala ya utotoni mwangu haikuipenda lugha ya kambini. Mtu akisikia Kiswahili nje ya nyumba yake alifunga mlango kwanza, akauliza ni nani baadaye. Kwa hiyo nilipomaliza shule na kusema nataka kula kwa Kiswahili, shangazi yangu aliuliza kama nimepata kazi polisi.

Nilipata kazi kwa Mzee Ssemakula. Alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, Mganda mrefu mwenye suti moja ya kijivu, na alikuwa amefungua ofisi ya tafsiri ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kiswahili alikijua kuliko watu wote niliowahi kukutana nao, ila ulimi wake ulikuwa wa Buganda. Herufi *r* na *l* zilibadilishana viti kinywani mwake bila kuomba ruhusa. Alisema "balua", akasema "kalatasi", lakini akiandika hakukosea hata herufi moja. Taipu yetu ilikuwa na *r* iliyogoma. Mwaka mzima Mzee hakuona kwamba hilo ni tatizo.

Siku yangu ya kwanza alinipa cheti cha kuzaliwa nikifasiri kwa Kiingereza. Nilikimaliza kwa dakika ishirini, nikampelekea nikiwa nimenyoosha shingo. Aliisoma tafsiri yangu, akairudisha imejaa wino mwekundu.

"Umetafsiri maneno," alisema. "Nani alikwambia utafsiri maneno? Tafsiri kalatasi."

Sikuelewa. Akanipa kioo cha kukuzia, akaniambia nisisome neno lolote kwanza. Nitazame muhuri: jina la ofisi ni lipi, wino umeingia ndani ya karatasi au umekaa juu. Kisha tarehe. Kisha sahihi, na aliyetia sahihi ana cheo gani. Kisha nijiulize karatasi hii ilitolewa ili ifanye kazi gani. Nikishayajua hayo yote, ndipo niyaguse maneno. Nimefuata utaratibu huo hadi wiki yangu ya mwisho kazini, na nawasihi mfuate nanyi, hata sasa karatasi zinapokuja kwa simu.

Jambo jingine Mzee alilopenda ni asili ya maneno. Mchana, tukisubiri wateja, aliniuliza maswali kama mwalimu wa madrasa. Hati ilitoka wapi? Kwa Waarabu, kwenye neno la mstari na mwandiko. Waraka je? Kwao vilevile, na huko maana yake ni jani, jani la mti. Cheti kilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi. Barua nayo tuliipata kwa Waarabu, Waganda wakaichukua wakaiita ebbaluwa. "Kwa hiyo si mimi niliyeihalibu," Mzee aliongeza. Baada ya miaka michache nilikuwa na daftari zima la maneno ya karatasi za serikali, na nilikuwa na kiburi chake pia. Niliamini kwamba hakuna mtu atakayeweza kunitajia karatasi kwa Kiswahili nisiijue.

Halafu wakaja Wakongo.

Walikuwepo siku zote, lakini miaka ile walizidi. Ofisi moja ya mahojiano, ambayo sitaitaja, ilimwomba Mzee wakalimani wa Kiswahili, naye akanipeleka mimi. Nilikula kiapo, nikapewa kitambulisho chenye picha mbaya, na kiti katikati ya afisa na mhojiwa. Kiswahili cha Bukavu na Goma kilinipa taabu wiki mbili tatu za mwanzo. Walisema "mutoto" na "muzuri", walisema "niko na" mahali pa "nina". Nikajiambia kwamba ni Kiswahili kilekile kilichovaa kanzu nyingine. Tahadharini na siku mtakayojiambia hivyo.

Nsimire M'Cibalonza alikuja asubuhi moja ya mvua na watoto watatu. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, kutoka kijiji cha karibu na Bukavu. Alikuwa amepanga chumba Kisugu na aliuza sombe, yaani majani ya mhogo yaliyotwangwa. Wavulana wawili walikuwa wake wa kuzaa. Wa tatu, msichana wa miaka tisa aitwaye Asifiwe, alikuwa wa dada yake marehemu. Asifiwe alikaa amemshika mama yake mdogo sehemu ya juu ya kiwiko, na hakumwachia muda wote wa mahojiano.

Afisa alikuwa kijana mpole, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alipofika kwa yule msichana aliuliza kama mama huyu ana hati inayoonyesha kwamba amekabidhiwa mtoto kisheria.

Nikamgeukia Nsimire. "Mama, una hati juu ya mtoto huyu?"

Akashtuka. Akakaa wima. "Hapana! Sina hati. Hata kidogo. Muulize mutu yeyote kwetu." Kisha akajigusa kiunoni, juu ya kitenge, akasema kwa sauti ya chini, "Niko na mukanda tu."

Nilimtazama kiunoni. Niliona kitenge kimekazwa kwa kitambaa kilichosokotwa.

"Anasema hana hati yoyote," nilimwambia afisa. "Ana mkanda tu."

Afisa aliandika. Aliuliza mkanda gani, nikasema wa kiunoni, labda anamaanisha kwamba alikimbia na nguo alizovaa. Angalieni hapo: hakuna aliyeniomba "labda". Nsimire alianza kufungua fundo la kile kitambaa, nami nikamshika mkono kwa upole, mwanamke kwa mwanamke, nikamwambia, "Acha mama, mkanda hautakiwi." Akanitazama kwa mshangao, akafunga tena. Tukaendelea na swali la nane.

Uamuzi ulitoka mwezi uliofuata, na mimi ndiye niliyemsomea. Nsimire na wanawe wawili walikubaliwa. Asifiwe angeandikishwa peke yake, kama mtoto asiye na mlezi, na baada ya wiki mbili angehamishiwa kwenye makao ya watoto nje ya Kampala mpaka ndugu wa halali wapatikane. Kama kuna rufani, iletwe ndani ya hizo wiki mbili.

Nsimire hakulia. Aliniuliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu huna hati, mama."

"Ndiyo," akasema. "Sina hati. Sasa mbona wananinyanganya mutoto?"

Nilidhani uchungu umemvuruga akili. Nilimrudia polepole, kama mtu anavyomrudia kiziwi: wanamchukua kwa sababu huna hati. Alimtazama Asifiwe, akainuka. Mlangoni aligeuka akasema, "Mama, nchi yenu iko na sheria ya ajabu sana." Nikarudi kwenye kiti changu nikamwita anayefuata.

Siku ya tano baada ya hapo nilikuwa Kalerwe, sokoni, nikitafuta samaki wakavu wadogo. Muuzaji alikuwa mama Mkongo, mnene na mcheshi, ambaye tulizoeana kwa sababu ya Kiswahili. Alikuwa akipima samaki kwa kikombe alipokumbuka jambo, akachomoa karatasi iliyokunjwa kutoka kifuani.

"Mama Hajati, unisaidie. Batoto walileta hii mukanda ku masomo, iko mu Kiingereza. Unisomee."

Nilikuwa nimenyoosha mkono. Nikaipokea ile karatasi. Ilikuwa barua kutoka shuleni, kuhusu mkutano wa wazazi, na muhuri wa mwalimu mkuu chini.

"Umeiitaje?" nikauliza.

"Nini?"

"Hii."

"Mukanda? Si mukanda ya masomo? Karatasi. Barua." Akacheka. "Hajati, leo umepotea Kiswahili?"

Nilikaa juu ya gunia la mtu mwingine. Yule mama aliacha kucheka, akanipa maji. Nilimwomba anitajie kila kitu kinachoitwa mukanda kwao. Akahesabu kwa vidole: barua ya mtu ni mukanda, karatasi ya ubatizo ni mukanda, karatasi ya shamba ni mukanda, karatasi ya shefu, yaani chifu, yenye muhuri, hiyo ndiyo mukanda kabisa. Nikamuuliza na hati je? Akafikiri. "Hati ni wakati umefanya kosa, hapana? Mutu wa hati. Anafungwa."

Hatia. Alikuwa akizungumza juu ya hatia. Nilikuwa nimemuuliza mwanamke mbele ya afisa kama ana hatia juu ya mtoto wa dada yake, naye akaapa kwamba hana. Kisha akaanza kutoa karatasi zake, nami nikamshika mkono.

Samaki niliwaacha palepale. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ssemakula. Wakati huo alikuwa amezeeka, haji ofisini ila siku mbili kwa wiki, na kwa bahati ilikuwa siku yake. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Wewe ulisema nini mbere ya afisa?"

"Mkanda."

"Na yeye alisema nini?"

"Mukanda."

Nikamwambia lililokuwa likinichoma tangu Kalerwe: nikikiri, wataniondoa kwenye orodha ya wakalimani, na pengine ofisi yote ya Mzee itaondolewa pamoja nami. Watu wanane walikuwa wanakula kwenye ofisi ile. Nilitaka, nasema kweli, aniambie kwamba kuna njia nyingine.

"Zaituni," akasema, "mimi nimekosea mala tatu kwa kazi hii. Mala mbiri nilirudi nikasema. Mala ya tatu sikuludi. Hizo mbiri hata sizikumbuki vizuri. Ya tatu naikumbuka kira siku." Akavuta karatasi nyeupe, akaniwekea mbele. "Andika. Anza na neno lenyewe."

Niliandika kurasa mbili. Yeye alimpigia simu rafiki yake, mwalimu Mkongo aliyestaafu, wakaongea nusu saa. Alipokata simu alikuwa amechangamka kama kijana. Mwalimu yule alimwambia kwamba katika lugha nyingi za upande wa mto Kongo neno hilo la asili lilikuwa ngozi, ganda, kitu kilichochunwa. Ngozi ikikatwa ukanda, inakuwa kitu cha kufungia, na huo ndio mkanda wetu wa huku. Lakini wao waliona wageni wanaandika juu ya vitu vyembamba kama ngozi, wakaita kila kilichoandikwa kwa jina hilo. Neno moja lilitembea njia mbili, moja kuelekea pwani na moja kuelekea bara, likakutana tena mezani kwangu. Sijui kama wataalamu wanaafikiana na hayo. Nawapa kama nilivyopewa.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nilikuwa Kisugu. Niliulizia mama wa sombe, nikaelekezwa uani kwenye vyumba vilivyopangana. Nsimire alikuwa anatwanga. Aliponiona aliacha mchi ndani ya kinu.

"Wamekuja kumuchukua?"

"Hapana. Mama, unionyeshe mukanda."

Safari hii nililitamka neno kama alivyolitamka yeye. Alinitazama kwa mashaka. "Uliniambia haitakiwe."

"Niliongopa bila kujua. Nilifikiri ni mshipi wa nguo."

"Mukaba?" Akajishika kiuno. "Ulifikiri ninazungumuza mukaba?" Mdomo wake ukafunguka, na nilijiandaa kutukanwa, na ningestahili. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kile kicheko kikageuka kilio, na Asifiwe akatoka chumbani mbio kuja kumshika mkono. Nilimweleza na habari ya hati na hatia. Akafuta uso kwa kitenge. "Mama, mwezi muzima nilikuwa najiuliza nimemukosea nini dada yangu."

Halafu alifungua fundo. Ndani ya kitambaa kulikuwa na nailoni, na ndani ya nailoni karatasi tatu zilizokunjwa ndogo kama ndimu. Kifaransa changu ni cha mihuri tu, lakini kilitosha. Moja ilikuwa ya hospitali aliyozaliwa Asifiwe. Ya pili ya ubatizo. Ya tatu ilikuwa ya shefu wa eneo lao, yenye sahihi za wazee wanne wa ukoo na alama ya dole gumba la bibi yake mtoto, ikisema kwamba mtoto Asifiwe, baada ya mama yake kufariki, amekabidhiwa kwa Nsimire, dada wa marehemu, amlee kama wake. Niliutazama muhuri kwanza. Wino ulikuwa umeingia ndani ya karatasi.

Rufani ilisikilizwa siku tatu kabla ya tarehe ya kumhamisha mtoto. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Tororo, mwenye miwani minene na Kiswahili cha mpakani kilichonyooka. Mimi nilikuwa shahidi, kwa hiyo sikuruhusiwa kukalimani. Mzee Ssemakula alivaa suti yake ya kijivu, akakaa kwenye kiti changu.

Nilisoma kurasa zangu zote mbili, neno na kosa. Mwenyekiti alinisikiliza bila kubadilisha uso. Kisha akazishika zile karatasi tatu, akaziinua kwenye mwanga.

"Zinapendeza," alisema. "Lakini mwanamke huyu alisema hana hati. Akakataliwa. Ndipo karatasi zikaonekana. Bi Zaituni, mji huu una wachapaji hodari, unajua. Nami Kiswahili nakijua tangu utotoni. Mkanda ni kitu cha kushikilia sketi. Nitajuaje kama hamkulitunga neno hili wiki hii?"

Ni Mzee aliyeomba ruhusa ya kusema. Aliomba faili la mahojiano ya kwanza lisomwe, sehemu ya swali la saba, jinsi afisa alivyoandika siku ile. Mwenyekiti akalifungua, akasoma kwa Kiingereza, kisha mwenyewe akafasiri polepole: "Hana hati. Asema ana mkanda tu. Alijaribu kuuvua, mkalimani akamzuia."

Yule afisa mpole, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alikuwa ameandika kila kitu, hata mkono wangu. Aibu yangu ilikuwa imekaa pale kwa wino, na hapo ndipo nilipoona kwamba ndiyo iliyokuwa imemtunzia Nsimire ushahidi. Kama nisingetamka upuuzi ule wa mkanda, kusingekuwa na alama yoyote kwamba alizitaja karatasi siku ya kwanza.

"Kama neno hiri ni kweri," alisema Mzee, "basi alizitaja. Ni neno tu limebaki."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akafikiri. Halafu akafanya jambo ambalo sijaona jopo jingine likifanya. Alimwambia karani wa jopo aende kwenye benchi la nje, ambako watu wanasubiri zamu zao, alete Wakongo watatu wasiojuana, mmoja mmoja, na asiwaambie chochote.

Aliingia kwanza mzee mwenye ndevu, wa Uvira. Mwenyekiti akamuuliza kwa Kiswahili, "Baba, mukanda ni nini?"

Yule mwenye ndevu akababaika. "Mukanda? Ile nilileta niliiacha kwa yule kijana wa mulangoni. Iko na muhuri, mama, haina tatizo!"

Mjumbe mmoja wa jopo alikohoa ili asicheke. Mwenye ndevu akashukuriwa, akatoka akiwa bado anajitetea.

Wa pili alikuwa msichana wa Bunia. "Ni barua," alisema mara moja. "Ama karatasi ya leta." Akaulizwa leta ni nini. "Serikali." Akatoka.

Wa tatu alikuwa fundi wa magari kutoka Goma, mikono myeusi kwa grisi, na kiunoni alikuwa amevaa mshipi mpana wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo. Mwenyekiti hakumuuliza mukanda. Alinyoosha kalamu kuelekea ule mshipi. "Hiki tunakiitaje?"

"Hii? Mukaba."

"Si mukanda?"

Fundi aliinamisha kichwa kujitazama, kana kwamba labda kuna kitu kimebadilika tangu asubuhi. "Mama," akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "mukanda banaandika."

Hakuna aliyejizuia tena. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka miwani ikaanguka juu ya faili. Nsimire ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa ametazama mikono ya mwenyekiti, ile iliyoshika karatasi zake.

Wajumbe walitoka wakajadiliana kwa muda wa chai. Waliporudi, mwenyekiti hakumtumia mkalimani. Alimgeukia Nsimire, akamwambia kwa Kiswahili chake cha mpakani kwamba mtoto Asifiwe ni wake, ataandikishwa pamoja naye na ndugu zake, na hatapelekwa popote.

Nsimire alimuuliza Mzee, "Amesema hapana popote?"

"Hapana popote," Mzee akasema.

Vigelegele alivyopiga Nsimire vilisikika mpaka barabarani. Watu wa benchi la nje, wasiojua lolote, wakaitikia, maana habari njema ya mmoja kwenye benchi lile ni ya wote. Asifiwe aliuachia mkono wa mama yake mdogo kwa mara ya kwanza tangu niwajue, akazunguka chumba kizima akishikana mikono na kila mtu: wajumbe, karani, Mzee, yule afisa mpole, na mimi pia. Mkono wake ulikuwa wa baridi na ulinishika kwa nguvu.

Nilibaki nyuma nikisubiri hukumu yangu. Mwenyekiti aliniambia kwamba kosa litaandikwa kwenye faili langu, na ni haki. Kisha akaniuliza Kiswahili kinachopita katika vyumba vile kina maneno mangapi ya karatasi. Nikasema sijui. "Nenda ukajue," akasema. "Halafu uniandikie upya swali la saba."

Kazi hiyo ilinichukua mwaka, na ndiyo ninayoionea fahari kuliko zote. Nilikaa kwenye mabenchi. Nilikaa Mulago kwenye foleni za wagonjwa, nikisikiliza mtu anaiitaje karatasi ya daktari. Niliongea na madereva wa malori, Wakenya wenye "stakabadhi" zao, na wanajeshi wastaafu wa mtaani kwetu ambao hadi leo huita kitambulisho kipande. Mzee Ssemakula alisoma kila ukurasa na kuutia wino mwekundu. Aliishi akaliona swali la saba limechapishwa. Alilisoma kwa sauti mara mbili, kwa *l* na *r* zake, akasema halina kosa. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa kwa miaka yote, na ilinitosha. Tangu hapo wakalimani wote wapya wamekuwa wakipewa daftari nililolijaza mwaka ule, ingawa wengine hawalifungui mpaka wakwame, na watu ambao zamani wangeandikiwa "hana" wameandikiwa "anazo". Sina hesabu yao. Nawajua kwa sura.

Wiki yangu ya mwisho nilikaa nyuma ya chumba, sina kazi, nikimtazama mwenzetu Prossy akikalimani. Mhojiwa alikuwa mzee wa Ituri, mkavu kama kuni, aliyejibu kila swali kwa neno moja huku macho yakiwa sakafuni. Walifika swali la saba. Prossy alilisoma lote bila kuruka neno: hati, cheti, karatasi, au mukanda wowote.

Yule mzee aliinua uso.

"Mukanda?" akasema. "Mikanda niko nayo."

Akainama, akavuta chini ya kiti mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba, akaufungua, akaanza kutoa karatasi. Za shamba. Za ndoa. Za watoto saba. Za shule aliyofundisha, mwaka baada ya mwaka. Alizipanga mezani kwa mpangilio, akizinyoosha moja moja kwa kiganja, na kila moja akaisomea jina lake kwa sauti iliyozidi kupanda. Meza ikajaa. Afisa akasimama, akaenda chumba cha pili, akarudi amebeba meza nyingine.